Fei Toto, Bacca na wenzao: wana deni na mtaa au tunawaonea?

Mtoto wa Ng'ambo: Asalaam aleikum jamani. Maskani kwetu hapa Zanzibar siku hizi ugomvi ni huu huu, ati wachezaji wetu wakishapanda boti kwenda Dar basi kwao wamekusahau. Fei Toto katoka JKU ya hapa kwetu kaenda Yanga 2018, 2023 akahamia Azam, Bacca nae 2022 katoka KMKM, nayo ya hapa, kaenda Yanga, na watoto wa Juvenile, hizi timu za watoto za mtaani, bado wanacheza kwenye vumbi. Mie nasema hawana deni la mtu. Mchezaji akija likizo mama anamngoja, mashangazi wanamngoja, kuna mdogo wake wa skuli, kuna nyumba ya bibi shamba inavuja, halafu na wewe wa maskani uliekuwa ukimwita mvivu unataka jezi! Na jezi zenyewe tunazijua, picha zinapigwa, wiki ya pili zishavaliwa na watu wazima wanaocheza karata. Pesa ya kulea watoto itoke kwenye mauzo. FIFA wana utaratibu, mchezaji akiuzwa nchi hadi nchi asilimia 5 ya ada wanagaiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Sasa Zanzibar sio mwanachama wa FIFA, mtoto akitoka hapa kwenda Dar hahesabiwi kavuka mpaka, kwa hiyo kama hamkuandikiana kwenye mkataba klabu iliomlea haina chake. Hapo ndo pa kupigia kelele.

Mpemba Halisi: Waaleikum salaam. Yakhe, JKU na KMKM ni timu za vikosi, wana pa kushika. Kilio ni cha hizi timu za watoto na vijana, Juvenile na Central, ambazo kocha anatoa nauli mfukoni mwake. Huku Wete, Pemba, nimeona watoto wawili wanagawana pea moja ya viatu, anaepiga kushoto kavaa cha kushoto, mwenzake cha kulia, mguu mwengine soksi. Hao mkataba gani utawafikia? Mtu akileta pea kumi mie siulizi kama deni au sadaka, napokea.

Dada wa Michenzani: Na nyie mnaongea kama watoto wa kike hawachezi mpira. Hata hizo pea kumi zikija hawazioni. Ila kuhusu Fei mwacheni, 2017 alikuwemo na Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, kule Machakos, Kenya, kwenye Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati, tukafika fainali Kenya wakatutoa kwa matuta, si mulikuwa barabarani nyote mnawapokea? Kule nako si kuutumikia mtaa?

Mtoto wa Ng'ambo: Dada umenena. Mpemba, kupokea pokea, sijakataa, ninachokataa ni kumtukana asieleta.

Mpemba Halisi: Hatukani mtu hapa. Na msijisahau, Kombe la Mapinduzi la 2025 lililetwa uwanja wa Gombani huku Pemba, Heroes wakaichapa Burkina Faso 2-1 fainali, uwanja umejaa watoto. Wale wanataka kumuona mtu aliekanyaga vumbi lao, akija akafanya nao mazoezi siku moja tu inatosha, hata kama hana kitu mkononi.

Mtoto wa Ng'ambo: Hilo nakubali mia. Lakini kifungu cha mauzo kiandikwe.

Mpemba Halisi: Kiandikwe na nani? Timu ya mtaa mtoto anachukuliwa na mtu wa kati, kocha anasikia redioni kashasaini. Anzeni kuwapa hata kadi za usajili zenye majina yao, tutaongea mkataba baadae.