MREJESHO: Shule kukatiwa maji kwa bili ya biashara

Wakuu, niliuliza kuhusu shule yetu ya msingi ya serikali kukatiwa maji na chombo cha watumia maji (kikundi cha jamii kinachoendesha mradi wa maji), bili ikija kwa bei ya biashara. Asanteni mno. Aliyesema tudai kwanza nakala ya mkataba ndiye aliyetuokoa: tumeandikwa kundi la taasisi, si biashara, tena kwa mhuri wao wenyewe! Tukapeleka barua RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilaya, maana ndio wasimamizi wa vyombo hivi kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019. Bili zimerekebishwa, deni halali tunalipa kwa awamu, maji yanatoka. Ada ya kurudishiwa huduma wamegoma kuifuta. Mita ya malipo ya kabla nayo bado, tunaambiwa tusubiri bajeti.