Kwa nini wapenda serikali ndogo Marekani wanazipinga leseni za kazi?

Mdadisi:
Ndugu wadau, nikifuatilia hoja za Wamarekani wanaotaka serikali ipunguziwe mamlaka, naona wanarudi kila mara kwenye leseni za kazi. Suala la kodi nalielewa, lakini leseni si humlinda mteja? Ubaya wake uko wapi?

Mzamiaji:
Anzia Utah. Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyejua kusuka tangu utotoni, alielezwa kwamba hawezi kulipwa kwa ususi mpaka asome chuo cha urembo kwa saa 2,000, ilhali masomo hayo yalihusu zaidi kukata nywele, kuzipaka rangi na kuzitia dawa, kazi asizozifanya kabisa. Mwaka 2012 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba sharti hilo, kwa msusi kama yeye, linakiuka katiba. Vidole na kitana vina hatari gani hata mtu azuiwe riziki yake?

Mwanasheria Mstaafu:
Kwangu mimi, la msingi zaidi ni nani anayekaa kwenye bodi inayosimamia leseni. Kule North Carolina, bodi iliyojaa madaktari wa meno waliokuwa kazini iliwaandikia barua watu wasio madaktari waliokuwa wakiwang'arisha wateja meno, ikiwataka waache. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bodi inayoongozwa na washindani wa sokoni haina kinga dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa jimbo lenyewe liwe linaisimamia kwa dhati. Wala hoja hii si ya Republican peke yao (wengi husahau): mwaka huohuo Ikulu ya Obama ilitoa ripoti kwamba takriban robo ya wafanyakazi walihitaji leseni, wakati miaka ya 1950 hawakufika asilimia 5.

Nesi wa Zamu:
Kwa ususi nakubali, lakini msitufikishe wodini. Aliyesukwa vibaya huona kwenye kioo na kumhama msusi. Mgonjwa hawezi kujua kama kipimo cha dawa alichochomwa ni sahihi. Missouri ilipata njia ya katikati mwaka 2018: msusi anajiandikisha, analipa ada na kutazama video ya mafunzo kuhusu usafi na magonjwa ya ngozi ya kichwa.

Mdadisi:
Ahsanteni. Na mwenye leseni akihamia jimbo jingine?

Mwanasheria Mstaafu:
Hutegemea jimbo. Arizona ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuzitambua leseni za majimbo mengine kwa wakazi wapya, nayo majimbo kadhaa yakafuata.