Mjadala: Je, igizo la jukwaani katika bustani ya burudani linastahili kuishi miezi miwili tu?

Ndugu zangu, naomba tulijadili suala hili kwa mfano mmoja. Tarehe 30 Juni 2023, bustani ya burudani ya Disney California Adventure, iliyoko Anaheim nchini Marekani, ilifungua igizo la muziki liitwalo Rogers: The Musical katika ukumbi wa Hyperion. Ilipofika tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, pazia likashushwa, basi.

Igizo lenyewe lilizaliwa kwa mzaha. Katika tamthilia ya televisheni ya Hawkeye ya mwaka 2021, shujaa Clint Barton ameketi ukumbini akitazama waimbaji wakiyageuza mapigano aliyopigana mwenyewe kuwa ngoma na mbwembwe, hadi anakizima kifaa chake cha kusikia. Mzaha huo ndio uliopewa jukwaa halisi, na maisha ya Steve Rogers, tangu alipokuwa kijana mkondefu wa Brooklyn hadi kuwa Captain America, shujaa wa kubuniwa mwenye ngao, yakasimuliwa kwa nyimbo katika muda wa nusu saa hivi.

Wapo wanaosema kwamba ufupi ndio ulionogesha igizo, na kwamba tarehe ya mwisho ilitangazwa mapema, hivyo hakuna aliyedanganywa. Hoja ya pili naikubali. Ya kwanza ni faraja ya waliobahatika kuliona. Aliyedunduliza fedha akasafiri Septemba hana utamu wa kuusimulia.

Mzizi wa jambo, kwa maoni yangu, ni hesabu. Igizo hilo lilikuwa ndani ya kiingilio cha bustani. Treni ya burudani ya bustanini, ile ya kupanda na kushuka kwa kasi, ikishajengwa hudumu miongo kadhaa na huendeshwa na watu wachache, ilhali igizo hudai kila siku ujira wa waigizaji, wa mafundi wa taa na sauti, na wa wanaotunza mavazi. Hata viti vyote vikijaa, ni vigumu kuonyesha ni senti ipi iliyoletwa na igizo, na kisu cha mhasibu hakikosi pa kuanzia.

Hata hivyo, ukumbi huohuo, wenye viti karibu 2,000, una ushahidi wa kinyume. Igizo la Aladdin lilidumu humo tangu 2003 hadi 2016, likafuatiwa na Frozen, lililosimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na halikurudi tena. (Miaka 13 ya Aladdin haikutokana na huruma ya wahasibu, watu walikuwa wakijaa.) Baada ya hapo ukumbi ulikaa zaidi ya miaka mitatu bila igizo kubwa.

Sidai kila igizo lidumu kama Aladdin. Ninachodai ni kwamba mwenye ukumbi wa ukubwa ule apange maigizo yafuatane, moja likitoka jingine liwe tayari mazoezini. Mnaopinga nijibuni hili: kama gharama ndiyo kikwazo, mngekubali igizo liuziwe tiketi yake, na familia iliyokwisha kulipa langoni itoe fedha mara ya pili?