Acheni kuchanganya vipimo vya simba wa kizimbani na vya simba wa porini

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na majedwali yanayobandikwa humu kila mjadala wa simba na chui milia unapozuka, ambamo uzito wa simba aliyenenepea kwenye bustani ya wanyama ya Ulaya huwekwa sambamba na wa chui milia wa porini India, kisha mtu akatangaza mshindi bila haya. Ukimuuliza mnyama wake alikulia wapi, anakujibu kwa picha nyingine.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Mwaka 1917 Ned Hollister, msimamizi wa bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington, alilinganisha mafuvu ya simba waliokamatwa wachanga Kenya na kukulia kizimbani Marekani na ya simba waliouawa porini Afrika Mashariki. Asili yao ilikuwa moja, lakini mafuvu ya kizimbani yalikuwa mafupi na mapana, mifupa ya mashavu imetanuka kwa nje, na nafasi ya ubongo imepungua. Simba wa porini humng'ang'ania nyati kwa meno, hurarua ngozi na kuburura mzoga kwa nguvu za shingo, na misuli hiyo ndiyo inayouvuta mfupa ungali unakua. Mwenzake wa kizimbani hutupiwa nyama iliyokwisha kukatwa. Vitamini A ikipungua katika chakula chake, mifupa ya kisogo hunenepa na kuubana ubongo, hata mnyama akatembea akiyumba. Halafu mnaniletea upana wa fuvu kama hilo kuwa ushahidi wa nguvu za taya!

Hata huko porini mizani inahitaji maelezo, kwa kuwa dume aliyeshiba anaweza kubeba kilo 30 za nyama tumboni. Na wanaowabeza simba wawili wala watu wa Tsavo, Kenya, waliouawa mwaka 1898, kwa udogo wanaoonekana nao katika jumba la makumbusho la Chicago, wajue kwamba ngozi zile zilitandikwa sakafuni kama mazulia kwa zaidi ya miaka 20 na zilipunguzwa kingo kabla ya kujazwa.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi waondoe kila jedwali lisilotaja mnyama alikulia wapi, alipimwa akiwa na njaa au ameshiba, na kama urefu ulipimwa kwa kufuata mikunjo ya mwili au kwa mstari ulionyooka. Mwenye kipimo chenye maelezo hayo akibandike hapa chini.