Ulinganisho: tufe la vipande 30, Norm 69 au kibuyu? Taa ya sebule, Ipagala

Zabibu_Ipagala
Mbukwenyi wakuu. Nimehamia kwangu Ipagala, hapa Dodoma, wiki tatu zilizopita. Sebuleni kuna waya unaning'inia na globu tupu inayochoma macho. Nataka kava la taa nitakaloliunganisha mwenyewe. Nimebaki na matatu: lile tufe la Holger Strøm wa Denmark, la 1973, lenye vipande 30 vinavyofanana, Norm 69 ya Simon Karkov, naye wa hukohuko, yenye vipande 69, na kibuyu kilichotobolewa, ambacho huku Ugogo hakitafutwi mbali. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela.

Mwl_Hesabu
Hongera kwa nyumba, ndugu. Chukua tufe. Ukikijua kipande kimoja umeijua taa nzima, na hicho ndicho ninachokipenda.

Kila kipande kina sura ya uru kwenye karata, kingo zimepinda na pembe zina kulabu. Hakuna gundi wala skrubu. Kulabu inanasa ya jirani, plastiki inajikunja, na mvutano wake ndio unaokaza kila kitu. Jina lake, IQ light, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya pembenne zinazoshikana. Kazi ni kuhesabu: kuna makutano 12 ya vipande vitano vitano, na makutano 20 ya vipande vitatu vitatu. Ukishika hesabu hiyo tufe linajifunga lenyewe. Ukiibadilisha, vipande vilevile vinakupa maumbo mengine, yapo zaidi ya 20.

Umbo lenyewe ni la zamani, mwanahisabati Mjerumani Kepler alilieleza mwaka 1619. Strøm ndiye aliyelipatia kulabu na mwanga. Na 1973 ndio mwaka ulipotoka uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa Dodoma, kwa hiyo taa hii ni rika la mji wetu.

Norm 69 nayo nzuri. Karkov aliibuni 1969, wazo likalala zaidi ya miaka 30 hadi kampuni ya Normann Copenhagen walipoiingiza sokoni. Ila vipande vyake havifanani vyote. Kimoja kikivunjika, si kipande chochote kinachofaa kuchongea kingine kwa kufuatisha.

FundiUmeme_Makole
Mkuu, vyovyote utakavyochagua, weka balbu ya LED, wati 9 inatosha. Mteja wangu mmoja alifunga globu ya zamani ya wati 60 ndani ya kava la plastiki la kujiunganishia. Baada ya miezi michache upande wa juu ulikuwa wa njano na umelegea, kulabu zinaachia zenyewe. Ndani ya tufe hewa haitembei, joto lote linabaki juu. Pia usilitundike panapopigwa na jua la dirishani, plastiki ile itakauka na kukatika.

Nyemo_Kikombo
Mimi naomba kibuyu kisipitwe haraka hivyo. Nina kimoja sebuleni mwaka wa pili. Usiku matone ya mwanga yanajaa ukutani, wajukuu wanalala wakiyahesabu. Kasoro naikubali: mwanga hautoshi kusomea. Lakini vumbi! Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa huku hauachi kitu, na kibuyu nakipangusa kwa kitambaa kimoja. Hizo kulabu na mikunjo yote utaisafishaje?

Mwl_Hesabu
Swali zuri, mama. Unalifungua. Vipande 30 vinaingia kwenye beseni la maji ya sabuni, vinasuuzwa, vinaanikwa kivulini, jioni unaliunganisha tena. Kava lenye gundi lisingekubali. Mimi hufanya hivyo mara mbili kwa kiangazi. Norm 69 pia inafunguka, ila hapo ni vipande 69, na lazima ukumbuke kipi kilikaa wapi.

Zabibu_Ipagala
Shukrani sana wote. Nilianza na jaribio la karatasi za manila. Ulalo mfupi sm 10, mrefu sm 16.2, kulabu nikazichora kwa kukisia. Kipande cha kwanza nilikikata kwa uangalifu, 29 nikavifuatisha juu yake. Tufe limetoka na upana wa karibu sm 30.

Mara ya kwanza lilienda upande. Kumbe sehemu moja nilifunga vipande vinne badala ya vitano, na kosa likajionyesha upande wa pili kabisa, ambako kulabu mbili zilikuwa zinakosa mwenzi. Nililifungua hadi nusu. Sasa naanza na ua la vipande vitano, kisha nazunguka, na viwili vya mwisho naviacha wazi mpaka balbu iingie.

La plastiki naliagiza mwisho wa mwezi. Mama Nyemo, kibuyu nakihitaji pia, cha chumbani. Kwa ukubwa wa chumba cha futi 10 kwa 10, nikitoboe kwa msumari wa inchi ngapi?

Nyemo_Kikombo
Inchi mbili, mwanangu. Upashe moto kwanza, kibuyu kisipasuke.