Wimbo wangu wa rap unawahimiza watu warushiane nyimbo: je, nimeachia haki yangu?

MistariYaUjiji:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni kijana wa Ujiji na nimemaliza kuandika wimbo wa rap unaohusu upakuaji wa nyimbo. Ubeti wa kwanza unamzungumzia mvuvi wa Kibirizi asiye na bando, ambaye nyimbo zote anazosikiliza usiku ziwani, akisubiri dagaa wafuate taa, aliingiziwa kwenye memori kadi kibandani, naye huwarushia wenzake wa mtumbwi mmoja. Kiitikio kinasema: "Mrushie jirani, naye amrushie jirani." Nimekiandika kwa moyo wote, kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza kurap kwa nyimbo ambazo sikuwahi kuzilipia. Rafiki yangu ananionya kwamba maneno hayo ni ruhusa kwa kila mtu, na kwamba mfanyabiashara akiuweka wimbo huo katika tangazo lake sitakuwa na la kusema. Je, ni kweli?

KandaZaZamani:
Mdogo wangu, rafiki yako amechanganya mambo mawili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, hata kabla hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na ulinzi huo unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kumruhusu jirani asikilize na kumpa mwenzake si sawa na kumruhusu mfanyabiashara auze bidhaa zake kwa sauti yako. Lakini usiuachie mstari wa kiitikio kazi hiyo ya kisheria. Andika ruhusa yako kando, kwa maneno ya wazi, popote utakapouweka wimbo: kusikiliza na kugawana bila malipo ni ruksa, biashara hadi tukubaliane.

Swali lako liliwahi kuwagawa hata wakubwa wa rap. Huduma ya intaneti ya Napster ilipoanza mwaka 1999, ikiwawezesha watu kuchukua nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta ya mtu mwingine, Dr. Dre aliishtaki mwaka uliofuata, ilhali Chuck D wa kundi la Public Enemy aliitetea hadharani kwa hoja kwamba inampa msanii njia ya kuwafikia wasikilizaji bila kupitia kampuni za muziki. Mahakama haikuwa upande wa Napster, na huduma yake ikazimwa mwaka 2001. Mimi nilikuwa upande wa Chuck D, na bado nipo.

KibandaMwanga:
Mimi ndiye huyo wa kibandani. Ninaingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi hapa Mwanga, Kigoma, na sitakataa kwamba fedha ninayopokea inatokana na kazi za watu ambao hawapati chochote kutoka kwangu. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu: wasanii wachanga huja wenyewe na flashi zao wakiniomba niwaingizie wateja nyimbo zao, kisha baada ya wiki chache wimbo unapigwa kwenye bodaboda na hakuna anayejua umeimbwa na nani, kwa sababu faili limebadilishwa jina mara tatu na kubaki "Track 07". Hapo ndipo msanii anapopotea, kuliko hata kwenye malipo. Taja jina lako ndani ya mistari minne ya kwanza, mdogo wangu, kwa maana jina lililo katika sauti hakuna awezaye kulifuta kwa simu.

BitiZaTabora:
Kaka, kabla ya yote, biti, yaani mdundo unaorap juu yake, uliitoa wapi? Mashairi ni yako, lakini ikiwa biti si yako, huwezi kumruhusu jirani peke yako.

MistariYaUjiji:
Ndugu yangu wa Tabora, umenigusa mahali penyewe. Niliipakua kwenye intaneti, na nimerudi kusoma maelezo yake sasa hivi: mwenyewe ameruhusu itumike bure mradi isiingizwe kwenye biashara, na jina lake litajwe. Katika wimbo wote sikumtaja popote. Nimemwandikia ujumbe, na wakati nasubiri jibu nitaingia studio hapa mjini kuulizia gharama za kutengenezewa biti yangu. Kaka wa Mwanga, jina langu nitalitaja katika mstari wa pili. Kiitikio sikibadilishi, ila ubeti wa mwisho nauandika upya, na safari hii unamhusu aliyetengeneza biti.