Mjadala: Mtu mzima mwenye ulemavu akae kwa ndugu, au apange nyumba na wenzake?

Mleta mada (Arua):
Ndugu zangu, tulizungumze hili bila kuoneana haya. Mtu mzima mwenye ulemavu anayehitaji msaidizi kila siku anakaa kwa wazazi, wakifa anahamia kwa kaka, kaka akichoka anapelekwa kwenye kituo cha kulelea watu wenye ulemavu. Wapo wanaotaka kupanga nyumba watatu au wanne, wachangie kodi na kuwa na msaidizi. Nasema serikali imlipe huyo msaidizi.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua akae wapi na akae na nani. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, tuna na wabunge wa kundi hili. Ruzuku maalumu ya taifa nayo ipo, lakini inakwenda kwa vikundi vyenye miradi: kuku, cherehani, duka. Anayehitaji mtu wa kumwinua kitandani asubuhi haimfikii.

Nyumba zenyewe mnazijua. Muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, ngazi mbili mlangoni, choo cha shimo nyuma kinachotumiwa na wapangaji wote. Kiti cha magurudumu kinaishia nje ya choo. Mtu anavaa ndala mikononi, anatambaa hadi kwenye tundu juu ya sakafu iliyolowa mikojo ya wengine. Mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa ahame. Wanne wanaolipa kwa wakati wana nguvu ya kumwambia mwenye nyumba avunje ngazi na kujenga choo cha kukalia.

Mchangiaji (Busia):
Mleta mada, nakuheshimu, ila mimi ni mama. Binti yangu ana ulemavu wa akili. Huko kwenye nyumba ya kupanga, usiku nani atakuwa karibu na mlango wake? Tunajua mabinti hawa wanavyofanyiwa, na kesi zinavyomalizwa kienyeji kwa mbuzi mmoja. Kwangu anakula, analala salama, na sokoni tunakwenda pamoja. Hiyo hela ya msaidizi mbona msitupe sisi tunaowalea?

Mchangiaji (Kampala):
Mimi natumia kiti cha magurudumu, na nimewahi kukaa nyumba ya namna hiyo, ya shirika moja. Tulikuwa wanne. Funguo alikuwa nazo msaidizi. Yeye ndiye aliyeamua tule nini na tulale saa ngapi, na mgeni alihitaji ruhusa yake. Kamati ya huo Mkataba ilisema wazi mwaka 2017: hata nyumba ya watu wachache ni kituo tu ikiwa wakazi hawana uamuzi. Msituhamishe kutoka kituo kikubwa kwenda kidogo.

Mleta mada (Arua):
Kaka wa Kampala, hapo ndipo penyewe. Mkataba wa nyumba uandikwe kwa majina ya wapangaji, kila mmoja awe na ufunguo wake, na msaidizi awe mwajiriwa wao, wanayeweza kumwachisha kazi. Mwenye ulemavu wa akili akae na mtu anayemwamini wakati wa kuamua, amweleweshe bila kumwamulia. Na hela imfuate mtu, si jengo. Anayetaka kubaki kwa mamake, msaada umkute huko huko.

Mama, hofu yako ni ya haki. Lakini wanaowadhuru mabinti hawa mara nyingi ni watu wa karibu, wanaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Nyumba yenye wenzake watatu, msaidizi anayejulikana, na ndugu wanaotembelea siku yoyote bila taarifa ina macho mengi. Je, yeye mwenyewe mmewahi kumuuliza angependa kukaa na nani?

Wengine karibuni, hasa wenye nyumba za kupangisha. Mngekubali kutia saini na wapangaji wanne namna hii? Na choo angegharimia nani?